Meza yao naipenda, kiti chao sitaki hata kukiona

Wenye haraka nawapa hukumu mapema. Lile duka la fanicha za ofisi lililojaa vioo, lenye AC ya kukufanya utamani mtandio na kijana wa kukupokea kwa maji ya chupa, ingia, kunywa maji, shukuru, toka. Ukiwa umebanwa sana, nunua meza. Kiti usikiguse. Jina silitaji, sina muda wa kuitiwa mwanasheria kwa ajili ya fanicha.

Sisi ni ofisi ndogo ya uhasibu, Kijitonyama, Dar, ghorofa ya pili. Kazi yetu ni vitabu vya watu na ritani za kodi, kwa hiyo mchana kutwa tumekaa. Mteja naye akija anakaa, tena anakaa na wasiwasi wake wa TRA, wale wakusanya kodi. Tulipohama kule kwa zamani niliapa kwamba safari hii sitaki meza za kuokoteza wala viti vya plastiki vya harusini. Nilitaka ofisi ambayo mtu akifungua mlango anaamini kwamba humu hesabu zake hazitapotea. Huo ndio mtindo ninaoujali. Mambo ya rangi gani inatamba mwaka huu nawaachia wenye nafasi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: meza zao ni nzuri. Juu ni ubao wa kubandikwa wa rangi ya mbao, miguu ni ya chuma cheusi, myembamba, chini kuko wazi. Kijana wa mauzo alinisifia rangi tu, wakati uzuri wenyewe uko kwenye hiyo miguu. Ofisi zetu hizi kila asubuhi dada anapiga deki. Meza za chipubodi ambazo mbavu zake zinafika mpaka sakafuni zinakunywa maji ya deki kila siku ya Mungu. Baada ya miezi kadhaa pale chini zinaumuka, lile ganda la juu linaachia, na meza uliyoinunua kwa fedha nyingi inaonekana imeokolewa kwenye mafuriko ya Jangwani. Hii ya kwetu deki inapita chini yake na hakuna kinachovimba. Ina tundu la kupitishia nyaya, na mbele ina ubao wa kukinga miguu, ambao mwanamke yeyote anayevaa sketi na kukaa akitazamana na wateja ataelewa kwa nini nimeutaja. Kasoro yake ni kimo. Zote ni sentimita 75, na msichana wetu wa mapokezi ni mfupi. Akipandisha kiti ili mikono ikae vizuri kwenye kibodi, miguu inaning'inia. Nikamchongeshea kibao cha kukanyagia huko Keko kwa mafundi seremala, yakaisha.

Sasa kiti.

Kiti cha bosi, ndivyo kijana alivyokiita. Sh 450,000, mgongo mrefu unaopita kichwa, leza nyeusi inayong'aa, mishono myeupe. "Dada'angu, hiki ndo chenyewe. Hiki cha Italia." Nikakaa. Kwenye ubaridi ule, kwa dakika chache, huku mtu anakusifia, hakuna kiti kibaya duniani. Boksi lilipofika ofisini lilikuwa limeandikwa Anji, Zhejiang. Wala hilo si tatizo. Anji ni wilaya ya China inayojulikana kwa viwanda vya viti, na vizuri vinatoka hukohuko vinakotoka vibovu. Ila hiyo Italia ilitokea wapi?

Mwanzoni kilikaa vizuri. Halafu kikaja kipindi cha ritani, ofisi imejaa, mbele yangu yuko mzee mmoja mwenye maduka Kariakoo, namweleza jinsi faini ya kuchelewa inavyohesabiwa, nikasikia chini yangu fsssss. Kiti kikaanza kushuka. Afadhali kingeanguka, ningepewa pole. Chenyewe kilishuka taratibu, kwa adabu kabisa, na mimi nikaendelea kuongea kwa sababu sikujua nifanye nini, mpaka meza ikanifika kifuani na mzee wa watu akawa ananitazama kwa juu. Akauliza, "Binti, upo?" Nikasimama, nikavuta kile kimkono cha pembeni, kiti kikapanda. Nikakaa. Fsssss.

Yakawa ndiyo maisha. Sijamaliza nusu ukurasa nimeshazama. Vijana wa ofisini wakaanza: "Bosi, tukutupie kamba?"

Nikapiga simu dukani. Watatuma fundi. Hakuja. Nikapiga tena, fundi yuko njiani, na njia hiyo sijui ilikuwa inatokea Kigoma. Mwisho nikakodi kirikuu, nikapakia kiti, nikaenda nacho mwenyewe. Nikamkuta kijana yuleyule. Siku hiyo maji ya chupa hayakuwepo. Akakizunguka kiti, akakibonyeza kwa kiganja, akasema kizima. Nikamwambia akikalie. Akakalia. Sasa yule ni kijana mwembamba wa kupita kwenye uwazi wa mlango bila kuufungua, na kiti, kwa unafiki wake, kikatulia tuli. Akaniangalia kuanzia kichwani, akashuka, akapanda tena.

"Sasa mama, samahani lakini, kwani una kilo ngapi?"

Dukani kulikuwa na watu. Kulikuwa na mume na mke wanachagua kabati la mafaili; mke akageuka ghafla kusoma bei ambayo alikuwa ameshaisoma. Dada wa kaunta akainamia simu yake, mabega yanatikisika. Nikamwambia kijana, umesemaje? Akarudia, tena kwa upole, sauti ya kumliwaza mfiwa: "Ungetuambia mapema tungekupa vile vya watu wakubwa, mama. Vipo. Ila bei yake imesogea kidogo."

Bei imesogea kidogo! Yaani nimekuja kulalamika, nauziwa kingine.

Nasema hivi. Kilo zangu anazijua mume wangu na mizani ya kliniki. Lakini kipimo cha Ulaya cha viti vya ofisi, kile kinachoandikwa EN 1335, kinamhesabu mtu wa mpaka kilo 110 anayekikalia kiti saa nane kwa siku, na hizo 110 mimi sijawahi kuzifika, hata nilipokuwa na mimba ya mapacha. Kama kiti ni cha Italia, basi Italia iko Ulaya, tuhesabiane Kiulaya. Na kama kiti cha bosi hakimbebi bosi, kimetengenezewa nani? Mabosi wa mji huu nawajua, ritani zao nazijaza mimi. Wembamba ni wa kuhesabu.

Nikaomba kuongea na msimamizi. Akaja, hata salamu hakunipa, akanyoosha kidole ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikamwonyesha garanti ya mwaka iliyoandikwa nyuma yake kwa mkono wa kijana wake. Akaisoma. Akasema garanti ni ya kiti, pampu, yaani ile nguzo ya katikati inayokipandisha na kukishusha, haimo. Nikamuuliza kiti cha kuzunguka bila pampu ni nini, kigoda? Nikamtajia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwamba imemweka mlaji humo ndani, na kwamba kuna Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko. Akasema, "Sawa mama, nenda." Sikwenda, ritani za watu zilikuwa zinanisubiri. Karatasi ninazo zote, nimezichoma pini.

Kilichonikata maini kabisa ni fundi wa mtaani. Mlinzi wa jengo letu alinionea huruma. Kwanza alitaka kukata kipande cha bomba la plastiki akivishe kwenye nguzo ya katikati kiti kisishuke tena, njia ambayo inafanya kazi, ila kiti ukishakivisha hilo bomba hakishuki tena hata ukitaka mwenyewe. Nikakataa. Akaniletea mtu wake mwenye spana ya bomba, nyundo na kopo la mafuta. Yule bwana akakipindua kiti kichwa chini miguu juu, akagonga, ile miguu mitano yenye magurudumu ikachomoka yote kwa pamoja. Akaibana nguzo kwa spana, akaizungusha mpaka ikaachia. Hakuna hata skrubu moja pale katikati. Vyuma vimechongwa vyembamba upande mmoja, vinachomekana, na uzito wa mtu ndio unaovikaza. Ndani ya nguzo kuna naitrojeni iliyoshindiliwa, na sili yake ikishachoka ndipo unapoanza kuzama mbele za wateja, uwe na kilo hamsini au mia. Akachomeka pampu nyingine aliyoitoa Kariakoo. Pampu na ufundi jumla havikufika elfu sitini, na chai yangu ilikuwa haijapoa.

Kumbe kitu chenyewe ni hicho. Duka zima lile, na vioo vyake, limeona ni nafuu kumdhalilisha mteja kuliko kuchomoa chuma na kuchomeka chuma.

Na hapa ndipo nakosa raha, maana baada ya pampu mpya kiti kikawa kizuri. Nasema ukweli. Mgongo ukaacha kuniuma jioni, kikawa kinalala nyuma vizuri nikitaka kunyoosha shingo. Ningeandika haya wiki ile ya fundi, ningewaambia kinunueni tu, mbadilishe pampu, mtafurahi. Nilishaanza hata kumtetea yule kijana moyoni, kwamba labda kafundishwa vile, labda analipwa kwa kamisheni.

Halafu leza ikaanza kubanduka.

Ilianzia kwenye mikono ya kiti, pale panapogusa jasho. Hiyo wanayoiita leza haijawahi kuwa ngozi ya mnyama yeyote. Ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na joto la unyevu la pwani linaila polepole hata ukiifuta kila siku. Ijumaa moja yule mzee wa Kariakoo kaja katoka msikitini, kanzu nyeupe, imenyooshwa. Nikampisha kitini kwangu ili aone mwenyewe mahesabu kwenye kompyuta. Aliponyanyuka, mgongo mzima na mikono ya kanzu ilikuwa imejaa vigamba vyeusi. Nikaanza kupukuta. Vile vidogo vikapukutika, vile vyenye gundi vikajipaka. Mzee hakusema neno, na afadhali angesema. Umeme nao ukakatika palepale, AC ikazima, na kwenye leza bila AC hata mwenye subira mgongo unalowa.

Wafanyakazi wangu, sasa, wamekalia viti vya neti. Nilivinunua Kariakoo kwa bei isiyofika nusu ya hiki cha bosi, duka lenye upana wa mlango mmoja, muuzaji anakula mihogo, hajanipa maji wala hajanitajia Italia. Hewa inapita mgongoni. Havibanduki kwa sababu hakuna cha kubanduka. Mtindo huu wa neti ulipewa umaarufu na Aeron, kiti cha kampuni ya Herman Miller, mwaka 1994, huko Marekani kwenye baridi zao, na mimi naona sisi wa Dar ndio tulipaswa kuudai kabla yao. Shida yake moja ni magurudumu: ni ya plastiki ngumu, yale ya kukanyaga zulia, na sakafu yetu ni vigae. Ukiinuka ghafla kiti kinakukimbia mpaka ukutani. Yapo magurudumu yenye mpira laini, yanauzwa peke yake, unachomoa yale na kuchomeka haya kwa mkono. Nimeshaagiza.

Mume wangu anasema haya yote nisingeyaona kama ningekwenda Keko tangu mwanzo. Keko naiheshimu. Meza ya mninga ya Keko wajukuu watagombania urithi. Lakini Keko nako ni "njoo Jumamosi", ukienda Jumamosi fundi kaenda msibani, na wakikupa mbao ambayo haijakauka vizuri, ukiiweka chini ya AC inapasuka katikati usiku, asubuhi unakuta ufa umepita kwenye mihuri yako. Na kiti cha kuzunguka hawachongi. Kwa hiyo na yeye namwomba anyamaze kidogo.

Kiti cha bosi nimempa yule mlinzi. Kakivisha mfuko wa salfeti, anakikalia getini, anasema hajawahi kuona kiti kizuri namna hiyo. Mimi nimechukua cha neti.

Tatizo ni kwamba tunafungua kaofisi kengine Kibaha, na nimezunguka sana sijapata meza nyingine ya miguu ya chuma yenye ubao ule kwa bei ile. Kwa hiyo hela yangu wataila tena, Mungu anisamehe. Ila mimi pale siingii. Nitamtuma mdogo wangu. Ana kilo arobaini na kitu, wamuulize yeye.