Gari la haidrojeni: nimelijaribu mezani, nguvu yake inatoka wapi?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo nipo Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye stoo ya vipuri ya mjomba, na juu ya meza hii kuna gari. Msicheke. Linakaa kiganjani, lakini ni la haidrojeni kweli. Nimelileta kwa sababu tangu ile video ya Toyota Mirai, gari la haidrojeni la barabarani, mnaniandikia jambo lilelile: "Kaka, gari linatumia maji, habari ya petroli imeisha!"

Haya, tuone. Namimina maji safi, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Limekuja na kipande cha sola, ila ukungu umegoma kutoka mlima Loleza tangu asubuhi, sola haijanipa hata povu moja. Basi naunga betri mbili, nimezichomoa kwenye tochi ya humu stoo. Njoo karibu na kamera. Unaona vipovu? Mrija huu ni haidrojeni, ule oksijeni, na huu unajaa mara mbili ya mwenzake, ndivyo maji yalivyoumbwa. Nachomoa betri, nawasha, gesi hizo zinaungana tena kuwa maji na kuipa mota umeme... hilooo! Limegonga kikombe, limegeuka, limezima.

Sasa betri zilezile naziunga moja kwa moja kwenye mota. Linaenda. Chai nimeimaliza, bado linaenda.

Umeona? Maji hayajatoa nguvu yoyote. Nguvu ilikuwa kwenye betri, ikapitishwa kwenye maji, nyingine ikapotelea njiani. Haidrojeni ni dumu tu, kisima kiko kwingine.

Tupige hesabu kwa yuniti za LUKU, zile za mita ya umeme, yuniti moja ni kilowati-saa moja. Kupasua maji kwa umeme upate kilo moja ya haidrojeni, andaa yuniti 50 hadi 55 na lita 9 za maji. Kilo hiyo inaisogeza Mirai kama kilomita 100, yaani hapa mpaka Tunduma. Na hapo hujaishindilia kwenye tangi kwa baa 700, zaidi ya mara 300 ya upepo wa tairi lako, kazi ambayo nayo inakula umeme. Gari la betri safari hiyohiyo linakwenda kwa yuniti 15 hadi 20. Nyie wenyewe mnajua yuniti zinavyouma.

Tena haidrojeni nyingi duniani haitoki kwenye maji kabisa. Inatolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Ile ya gesi, kila kilo inaacha hewani kilo 9 hivi hadi 10 za kaboni dayoksaidi. Bomba la gari linadondosha maji masafi, moshi umebaki kiwandani.

Huku kwetu je? Makaa yapo Kiwira, lakini tukianzia huko tumerudi kulekule kwenye moshi. Umeme wa maji upo, Kihansi megawati 180, Mtera 80. Ila mnakumbuka Oktoba 2015, mabwawa yalikauka mpaka mitambo ikabidi izimwe. Mimi jicho langu liko Ngozi, kule Rungwe, kwenye joto la ardhini. Lile halisubiri masika. Lakini hata hilo likizaa umeme, sioni kwa nini tulipitishe kwenye haidrojeni kwa ajili ya gari la kwenda sokoni.

Malori ni kesi nyingine, hapo nalegeza. Betri za kulipandisha lori la mizigo mlima Kitonga ni mzigo juu ya mzigo. Uswisi wanaendesha malori ya Hyundai ya haidrojeni tangu 2020, na haidrojeni yenyewe waliianza kwa umeme wa mto. Wao kisima wanakijua.

Hili dogo nalipa saba kwa kumi. Mirija inavuja, ila kwa mtoto wa sekondari linafundisha sana. Mirai yenyewe hata ukipewa bure, hapa Mbeya utaijazia wapi?

Subirini kidogo... Shikamoo mjomba. Ndiyo, betri za tochi ninazo mimi.