Ruzuku ya kulimiwa mpunga: nimelipa, sikulimiwa, na maneno nikaambiwa

"Mama, ruzuku ni msaada. Msaada haudaiwi." Maneno hayo kaniambia kijana wa ofisini, rika la mwanangu wa mwisho. Uso hakuuinua. Risiti yangu akaisukuma juu ya meza mpaka ikaanguka, nami nikainama kuiokota mbele ya foleni nzima.

Mpunga nalima tangu sijaolewa. Bonde letu liko huku Pemba, baina ya Wete na Chake, na ni bonde la kutegemea mvua. Wenye mabonde wanajua: trekta lilime kabla ya masika, mvua za mwanzo zikishuka liburuge, yaani livuruge udongo ulainike, ndipo tupande. Likichelewa, maji yanajaa, trekta linazama kwenye tope, na kazi inarudi kwenye jembe la mkono na viuno vya wanawake. Serikali inachukua sehemu ya gharama ya kulima, iliyobaki mkulima anaitoa mwanzo kabisa, hata trekta hajaliona. Mimi niliitoa. Niliuza kuku na makonyo ya karafuu niliyokuwa nimeyaweka, nikalipa, nikapewa risiti yenye muhuri. Sasa msaada uko wapi hapo? Nimetoa pesa, mmepokea, tumeandikiana. Hilo ni deni.

Siku trekta lilipoingia bondeni, lilimaliza ploti ya jirani yangu wa juu, likanyanyua majembe, likapita kwangu, likayashusha kwa jirani wa chini. Dereva simlaumu, ana karatasi yake na jina langu halimo. Bwanashamba anaapa alilipeleka. Sheha kaniambia niende ofisini. Mara ya kwanza mhusika hayupo, mara ya pili yuko mkutanoni, mara ya tatu ndiyo nikakutana na kijana huyo. Nauli zote hizo mfukoni mwangu.

Sitaki kumdhulumu mtu. Msimu uliotangulia mpango huu huu ulinifaa mno. Nililimiwa kwa wakati, mbegu ya SUPA BC niliyopewa iliota vizuri, mbolea nikaipata kwa bei ambayo dukani huipati. Tulikula mchele wetu wenyewe miezi kadhaa, hatukuonja mapembe, ule mchele wa kuletwa kutoka nje. Mie ndiye niliyekuwa nikiwahimiza wenzangu wajiandikishe. Hata sasa nikitulia nasema mpango ni mzuri, aliyeuharibu ni mtu mmoja.

Lakini nikiikumbuka ile risiti sakafuni, wallahi siamini kuwa ni mtu mmoja. Karafuu za shamba la eka tatu, alilopewa baba baada ya Mapinduzi ya 1964, nazipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kila msimu. Zinapimwa, zinapangwa daraja, pesa zangu napewa. Na hiyo pia ni serikali. Mbona huko jina langu halijapotea hata siku moja? Karafuu inatakiwa, inasafirishwa nje. Mpunga ni chakula cha nyumbani, na huku wengi wanaoulima ni wanawake, basi jina la mama mmoja likiachwa njiani hakuna wa kulitafuta. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Msimu ule niliorukwa nililima kwa jembe, mimi na binti yangu. Tuliweza nusu ya ploti, nusu nyengine ikabaki majani, na jirani zangu wa juu na wa chini mpunga wao unapepea.

Juzi bwanashamba kapita na daftari jipya. Nikamwambia jina langu simpi, aende zake. Kafika nyumba ya tatu nikamwita arudi, maana kiuno changu jembe hakiliwezi tena. Nilimsimamia mpaka kaliandika, na ubavuni nikamwandikisha nambari ya ile risiti ya zamani. Kaniuliza ya nini. Nikamwambia pesa zile bado mnazo, na yule kijana bado hajaniomba radhi.