SFC na DISM: uzoefu wangu wa kutengeneza faili za mfumo zilizoharibika

Kompyuta ya ofisini ikianza vituko, menyu ya Start haifunguki, dirisha la mipangilio linafunguka na kujifunga lenyewe, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia uipige Windows upya. Subiri kwanza. Ndani ya Windows yenyewe kuna zana mbili za bure zinazoendeshwa kwa kuandika amri, SFC (System File Checker) na DISM (Deployment Image Servicing and Management), na kwa jinsi zilivyonisaidia kwenye kompyuta za kazini nazipa alama za juu kabisa. Ila zina mpangilio wake. Wengi wanaosema hazifanyi kazi ni kwa sababu wameanzia mwisho.

SFC inapita kwenye faili za mfumo zinazolindwa, moja baada ya nyingine, na kila iliyoharibika inaibadilisha kwa nakala safi. Nakala hizo inazichota kwenye ghala la Windows lililomo humohumo kwenye diski, folda ya WinSxS. Sasa ghala lenyewe likiwa limeharibika, SFC ni kama daktari aliyepelekwa kwenye duka la dawa zilizoharibika: ugonjwa anaujua, lakini hana cha kumpa mgonjwa. Kazi ya DISM ni kulitengeneza hilo ghala, na kwa kawaida inavuta vipande vinavyokosekana kutoka Windows Update. Kwa hiyo DISM kwanza, SFC baadaye. SFC ipo tangu Windows 98, wakati amri ya DISM ya kutengeneza ghala ilikuja na Windows 8 mwaka 2012, na ndiyo maana maelekezo mengi ya zamani yanaishia kwenye SFC tu na kumwacha mtu njiani.

Kisa kilichonifanya niziamini ni cha kompyuta ya mhasibu wetu. Umeme ulikatika ikiwa katikati ya kusakinisha masasisho, na ilipowaka tena ikawa inaganda kila baada ya muda mfupi, mara kioo cha bluu, mara printa haionekani. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja: "Kaka, hesabu za mwaka mzima zimo humu, usije ukazifuta." Nikamwambia, "Dada, hizi amri hazigusi kazi zako, zinagusa faili za Windows tu." Ni kweli hazigusi. Hata hivyo tulikopi folda zake zote kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote, kwa sababu mashine inayoganda ovyo huwezi kujua kama diski yake itafika jioni.

Baada ya bekapu nilikagua diski. Ukifungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi na kuandika `chkdsk C: /f` itakwambia diski inatumika na kukuuliza kama ikaguliwe kompyuta ikiwaka upya, bonyeza Y, kisha uiwashe upya kwa Restart. Hatua hii watu wanaipuuza sana, na ndiyo inayokuepusha kuandika faili mpya juu ya mpangilio wa diski uliovurugika.

Halafu ndipo unafungua tena dirisha la amri kama msimamizi. Bila haki za msimamizi amri hizi zinakataa, na kwenye ofisi nyingi mtumiaji wa kawaida hana haki hizo, kwa hiyo mhusika wa kompyuta awepo tangu mwanzo. Amri ni hii:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

Hapa panahitaji subira. Mstari wa alama za usawa unajaa polepole, na mahali inapopenda kukaa ni 62.3%. Inakaa hapo mpaka unaamini imekufa. Usiifunge. Angalia taa ya diski au dirisha la Task Manager. Kama diski bado inafanya kazi, iache imalize. Kufunga dirisha katikati ya matengenezo ni kurudia kosa lilelile la umeme kukatika.

Kwenye ile kompyuta ya mhasibu ilifika mwisho na kuleta kosa 0x800f081f, maana yake haikupata pa kuchota faili safi. Hili ni tatizo la ofisini hasa. Kompyuta za ofisi mara nyingi zimeelekezwa kuchukua masasisho kwenye seva ya ndani badala ya kwenda moja kwa moja Microsoft, na seva hiyo huenda haina vipande ambavyo DISM inavitafuta. Nyumbani unaweza usikutane na kosa hili kamwe, ofisini ukalikuta kila mara.

Dawa yake ni faili ya ISO ya Windows, yaani nakala nzima ya diski ya kusakinishia Windows ikiwa faili moja. Uibonyeze mara mbili, itatokea kama diski mpya, tuseme E. Ndani ya folda ya sources kuna install.wim, au install.esd ikiwa ISO umeitengeneza kwa ile programu ya Microsoft ya kuandaa flashi. Faili moja inaweza kubeba matoleo kadhaa, Home, Pro na mengine, kila moja na namba yake, kwa hiyo soma namba kwanza:

`DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim`

Ukishaijua namba ya toleo lako, andika hivi, ukiweka namba hiyo mwishoni mwa njia ya faili badala ya 1:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess`

Kama faili yako ni ya esd, pale penye wim andika esd, mahali pote pawili. Neno la mwisho kwenye amri, /LimitAccess, linaizuia DISM isiende kutafuta Windows Update. ISO lazima ilingane na Windows iliyomo kwenye kompyuta: toleo lilelile, lugha ileile. Ukichukua ISO ya toleo jingine utapata kosa lilelile na utadhani zana ni mbovu.

Safari hii DISM ilimaliza salama. Ndipo nikaandika `sfc /scannow`. Yenyewe inahesabu asilimia mpaka 100 na kukupa jibu moja kati ya machache: haikukuta ubovu, imekuta na imetengeneza, au imekuta na baadhi imeshindwa. Jibu letu likawa imekuta na imetengeneza. Tukawasha upya, menyu ikafunguka, printa ikaonekana, dada yetu akarudi kwenye hesabu zake.

Ninachokilalamikia kwenye SFC ni ripoti yake. Haikwambii palepale ni faili gani zilikuwa mbovu. Inakutuma kwenye CBS.log, ndani ya C:\Windows\Logs\CBS, faili ndefu iliyojaa mambo mengine chungu nzima. Mistari ya SFC ina alama ya [SR], kwa hiyo ninaichuja ili itokee peke yake kwenye eneo-kazi:

`findstr /c:"[SR]" %windir%\Logs\CBS\CBS.log > "%userprofile%\Desktop\sfc.txt"`

Humo tafuta maneno "Cannot repair", utaona jina la faili iliyoshindikana. Zana ya muda mrefu namna hii ilistahili kumwonyesha mtumiaji majina hayo bila kumzungusha.

Pia tuelewane kuhusu mipaka yake. Word au Excel ikigoma, SFC haikuhusu. Programu hizo zina kitufe chao cha kujitengeneza kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa. Faili yako ya kazi ikiharibika, hapa hakuna tiba, ni bekapu tu. Na kama kila ukitengeneza ubovu unarudi baada ya muda mfupi, acha kuilaumu Windows: kagua vifaa. Amri ya `Get-PhysicalDisk` kwenye PowerShell inaonyesha hali ya afya ya diski, na `mdsched` inapima RAM kompyuta ikiwaka upya. RAM mbovu inaharibu faili kimyakimya wakati zinaandikwa, na hakuna SFC itakayoishinda.

Neno kuhusu programu za kulipia zinazoahidi kutengeneza kila kitu kwa kubofya mara moja. Zinakutisha kwanza kwa namba kubwa ya "makosa", halafu zinaomba kadi yako ya benki. Mwezi Machi 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni mbili za Cyprus zilizokuwa zikiuza huduma za namna hiyo zimekubali kulipa dola milioni 26, baada ya kushtakiwa kwa kuwatisha watu kwa maonyo ya uongo yaliyofanana na ya Windows. Kwenye kompyuta yenye hesabu za ofisi usisakinishe kitu cha aina hiyo, hata ukiwa umekata tamaa.

Na ikitokea DISM na SFC zote zimeshindwa, bado hujafika kwenye kufomati. Fungua ileile ISO ukiwa ndani ya Windows, endesha setup.exe na uchague kubaki na faili na programu zako. Windows inajisakinisha upya juu yake yenyewe, kazi zinabaki, programu zinabaki. Kabla ya kuanza, kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows wa kufunga diski kwa ufunguo, hakikisha ufunguo huo umeandikwa mahali nje ya kompyuta hiyo, na laptopu iwe kwenye chaji. Ya mezani iunganishe kwenye UPS.