Visionaries: simba yumo kifuani, ila hatoki

Leoric nilimtamani kwa muda mrefu, na sasa ninaye: mtumba, lakini mzima, na fimbo yake anayo. Ni mdoli wa Visionaries, safu ambayo Hasbro, kampuni ya midoli, waliitoa mwaka 1987. Hadithi yake iko sayari ya Prysmos, ambako mitambo yote imezimika na uchawi umerudi.

Kifuani ana hologramu ya simba, yaani picha inayoonekana kama ina kina. Mweke chini ya taa kali, mgeuze taratibu, utamwona simba akiibuka kana kwamba anaishi humo ndani. Kwa uzuri wa kutazama, katika midoli yote ya miaka ile niliyowahi kushika, sijaona wa kumfikia.

Na bado safu hii ilikufa na toleo lake la kwanza. Sababu niliielewa nilipompa mwanangu amchezee. Alimzungusha, akabonyeza kile kifua, akaniuliza, "Baba, simba anatokaje?"

Hatoki. Kwenye katuni ya Visionaries, Leoric hugeuka simba kabisa, anakimbia, anapigana. Mdoli haugeuki chochote. Tena watoto huchezea chini ya meza, nyuma ya pazia, uani jua likishazama, na pasipo mwanga mkali hologramu hubaki doa la kijivu tu. Kilichokuwa kivutio chake kikuu kinamtaka mtoto atulie na kutazama. Mtoto gani huyo?

He-Man, mdoli wa kampuni ya Mattel wa mwaka 1982, ukimsokota kiuno na kumwachia, anarusha ngumi. Transformers, midoli ya roboti ambao Hasbro hao hao waliwaleta madukani 1984, hugeuka gari mikononi mwa mtoto mwenyewe. Alichokiona kwenye runinga anakifanya.

Katuni nayo iliishia vipindi 13, muda mfupi mno kwa mtoto kuwazoea wahusika wengi kiasi kile. Halafu kuna hili linaloniuma zaidi: Galadria na Virulina, wanawake wa hadithi hiyo, walionekana kwenye katuni lakini midoli yao haikufika madukani.

Kama wewe ni mkusanyaji, mchukue bila kusita, ila mwombe muuzaji picha ya kifua iliyopigwa kwenye mwanga mkali, maana hologramu hizi hufifia na kuchubuka. Kwa zawadi ya mtoto, hapana. Wangu alishamrudisha kabatini siku ile ile.