Kuzuia mimba: kitanzi cha shaba au sindano ya miezi 3?

Kwa mama wa Ujiji, mjini Kigoma, kurudi kliniki kila miezi 3 si kazi. Aliyeko Kalya, mwambao wa Ziwa Tanganyika, anayetegemea boti na hali ya ziwa, tarehe ya sindano humpita kirahisi. Ucheleweshaji wa namna hiyo ndio unaofanya watumiaji kama 4 kati ya 100 wapate mimba ndani ya mwaka. Kitanzi, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, hakidai tarehe: hukaa miaka 10 au zaidi, na wanaopata mimba mwaka wa kwanza hawafiki 1 kati ya 100.

Hakina homoni, shaba ndiyo inayolemaza mbegu za kiume. Ubaya wake uko kwenye hedhi. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo damu huwa nyingi na tumbo husokota, kwa hiyo mwenye upungufu mkubwa wa damu namwelekeza kwenye sindano, ambayo hupunguza hedhi au huikata kabisa. (Msiamini uvumi: hedhi ikikatika, damu hailundikani tumboni, jamani.) Kitanzi nacho hakipandi moyoni kama inavyovumishwa, ila kinaweza kuchomoka. Mwenye kisonono atibiwe kwanza kabla ya kuwekewa kitanzi.

Ukitoa kitanzi, uwezo wa kuzaa hurudi mara moja. Sindano huchelewesha miezi kadhaa. Kati ya njia hizi mbili hakuna inayozuia VVU, kondomu iendelee.