Harley X440 au Triumph Speed 400: njia mbili za kuingia India

Julai 2023, siku mbili tu zikipishana, majina mawili makubwa ya pikipiki yalitangaza bei zao India. Harley-Davidson X440 ilianzia rupia 229,000. Triumph Speed 400 ikawekwa 233,000, ila wateja 10,000 wa kwanza wakapunguziwa 10,000. Wote walikuwa wanamwinda Royal Enfield, mwenye soko la pikipiki za injini ya cc 350.

Harley alifika akiwa na kovu. Mwaka 2020 alifunga kiwanda chake cha Bawal, kisha akamkabidhi Hero MotoCorp, kampuni ya pikipiki ya India, kazi ya kuuza. X440 inaundwa na Hero: silinda moja, kupozwa kwa hewa na oili, nguvu farasi 27. Anayelipia hapa analipia zaidi jina kwenye tangi, maana ule mngurumo wa silinda mbili haumo. Agosti bei ikapandishwa kwa rupia 10,500.

Triumph alishirikiana na Bajaj, haohao wa Boxer za bodaboda zetu. Injini yake ya cc 398 inapozwa kwa maji na kutoa nguvu farasi 40, kwa bei ya uzinduzi karibu ileile! Kwa mpanda barabara kuu, hesabu ni nyepesi.

Mimi ningechukua Triumph. Harley ana turufu moja, mtandao mpana wa Hero, ingawa sijui shabiki wa kweli wa Harley atajisikiaje kuhudumiwa jirani na Splendor, pikipiki ya bei nafuu ya Hero.