Kamusi ya mfukoni ya Kihispania na Kiingereza: nyota mbili na nusu

Nimeinunua mtumba mjini Unguja, shilingi 8,000 baada ya kuvutana bei. Inaingia mfuko wa shati, na imeshalowa maji ya chumvi mara mbili bila kuachana kurasa. Hapo sina neno. Mimi natembeza wageni kwa dau jioni pale Nungwi, na Wahispania hupanda wengi tu.

Ugomvi wangu na kamusi hii ni kitenzi kimoja: soltar. Imekipa mstari mmoja wa Kiingereza, "release, let go, drop, loosen", basi. Mfano hakuna hata mmoja. Kwa Kiswahili humo mna kuachia, kuangusha na kulegeza, na mtu wa chombo anajua kulegeza kamba na kuiachia ni mambo mawili.

Jioni moja dada wa Kihispania aliomba kushika demani, ile kamba ya kuongozea tanga, apigwe picha. Upepo ukapanda, nahodha akasema, "Mwambie alegeze kidogo." Nikatoa sauti ya kujiamini: "¡Suelta!" Akaachia yote. Kamba ikamponyoka, tanga likawa linajipigapiga, sharubati ya nanasi ikawaishia wageni mapajani. Nahodha akanigeukia: "We mtoto, umemwambia nini mgeni wa watu?" Nilitakiwa kusema "afloja". Neno lenyewe limo humohumo, herufi A, ila kwenye soltar hakuna alama ya kukupeleka huko.

Tena angalau siku ile nilikitamka sawa. Kabla yake, wiki nzima nilikuwa nikisema "solta", kwa sababu kamusi haikuonyeshi kwamba o inageuka ue: suelto, sueltas, suelta, halafu inarudi soltamos. Imeweka kinamba cha kukupeleka kwenye jedwali la mwisho, na jedwali la nakala yangu lilishachanwa. Hilo namdai muuzaji.

Soltar amarras, kufungua kamba chombo kiondoke, haimo. Soltar una carcajada haimo pia, na sisi tunayo tayari: kuangua kicheko. Suelto kwa maana ya chenji nayo haimo, na hiyo nilijifunza kwa uchungu, maana "no tengo suelto" huja wakati wa bakshishi.

Kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, ipo bure kwenye intaneti na minyambuliko yote imo, lakini ni Kihispania kitupu. Anayeanza ataishia kutafuta maana ya maana.

Juzi mzee mmoja wa Sevilla, tumezungumza weee, akaniambia, "Te estás soltando." Nikafungua kamusi: soltarse, "come undone". Nikadaka kikoi changu kwa mikono miwili. Mkewe ndiye aliyenieleza, machozi ya kicheko yakimtoka, kwamba mumewe anausifu ulimi wangu, umeanza kufunguka.